Kufundisha Mbio za Nyika katika Nchi ya Milima: Uchaguzi wa Njia Misituni na Mabondeni

Utangulizi

Mwalimu mpya anayepangiwa shule katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, hugundua mapema kwamba somo la riadha alilojifunza chuoni lilidhani kuna ardhi tambarare. Uwanja wa mbio wenye mzunguko wa mita 400 huhitaji mahali sawa penye urefu wa karibu mita 180 na upana wa karibu mita 95. Katika vijiji vingi vya kata kama Kitura na Litembo si rahisi kupata mahali pa namna hiyo, na pakipatikana huwa pameshalimwa. Hapo mwalimu huwa na njia mbili: ama aache riadha mpaka uwanja upatikane, ama aitumie nchi kama ilivyo. Makala haya yanamwelekeza kwenye njia ya pili, yaani mbio za nyika, na hasa katika kazi inayosahauliwa sana: kuichagua njia kabla ya kumwingiza mtoto humo.

1. Nchi Yenyewe

Milima ya Umatengo imekatwakatwa na vijito vingi, na humo ndimo chanzo cha mto Ruvuma. Wamatengo huita ntambo sehemu ya mlima iliyo baina ya vijito, kuanzia mgongoni hadi bondeni. Ni kipande cha ardhi ambacho kaya za ukoo hukaa, hulima na kuteka maji. Kwa mwalimu wa mbio ntambo ni kipimo kizuri, maana karibu kila njia atakayochora itafuata mgongo, itashuka ubavuni, itavuka kijito na kupanda tena.

Upande wa magharibi nchi hubadilika ghafula. Milima huporomoka hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko karibu mita 475 juu ya usawa wa bahari, ilhali sehemu nyingi za Umatengo hupita mita 1,300. Mwalimu wa Mbamba Bay au Liuli, katika Wilaya ya Nyasa iliyogawanywa kutoka Mbinga mwaka 2012, hufundisha penye joto na mchanga. Mwenzake wa mlimani hufundisha penye baridi, ukungu na udongo utelezao. Ratiba ya mmoja haimfai mwingine.

2. Njia Mbaya Humshinda Hata Bingwa

Historia ya mchezo huu ina mafunzo mawili ambayo mwalimu hana budi kuyakumbuka. Katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1924, mbio za nyika zilikimbiwa siku ya joto kali. Wakimbiaji 38 walianza, wakamaliza 15 tu. Wengine walianguka njiani. Baada ya hapo mbio hizo ziliondolewa katika Olimpiki. Mwaka 2007 Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika yalifanyika Mombasa, mwezi wa Machi. Joto na unyevu wa pwani viliwashinda wengi, hata Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa amezoea kushinda mashindano hayo, akajitoa kabla ya mwisho.

Ikiwa watu wazima waliofanya mazoezi miaka mingi hushindwa na jua, mtoto wa Darasa la V, ambaye huenda hajala tangu jana jioni, atashindwa mapema zaidi. Kwa hiyo kwenye mwambao wa ziwa somo lifanyike asubuhi, na maji safi ya kunywa yawepo mwanzoni na mwishoni mwa njia.

3. Mwalimu Aitangulie Njia

Mwalimu asimtume mwanafunzi katika njia ambayo yeye mwenyewe hajaitembea. Aitembee mara tatu: mara ya kwanza peke yake, ili ajue ilivyo, mara ya pili pamoja na mzee au kiongozi wa kitongoji, ili ajue ni ya nani, na mara ya tatu asubuhi ya somo lenyewe, ili ajue kilichobadilika usiku. Mti ulioanguka, daraja la magogo lililooza, au kijito kilichojaa havingoji ratiba ya shule.

Mpango wa njia ufuate mambo haya:

(a) Iwe mzunguko unaorudi shuleni, si njia ya kwenda mbali na kurudi. Mzunguko wa kilometa 1 hadi 2 humwezesha mwalimu kuwaona watoto mara kwa mara.

(b) Mwanzo uwe mpana na wa sawa kwa mita 200 hivi, ili kundi litawanyike kabla ya kuingia njia nyembamba.

(c) Mteremko mkali usiwe mwanzoni. Shule nyingi ziko juu, na mtoto akianza kwa kuteremka hujiona ana nguvu nyingi, kumbe misuli ya mapaja inafanya kazi ngumu ya kumzuia asianguke. Afadhali njia ianze kwa kufuata ubavu wa mlima, iteremke polepole, kisha ipande kwa mshazari.

(d) Mwisho uwe mahali wazi, pasipo mawe wala ukingo.

4. Kuipima Njia bila Vyombo vya Gharama

Kupima njia ni somo la Hisabati na Jiografia kwa pamoja, na wanafunzi washiriki. Urefu hupimwa kwa kamba ya mita 20: kamba 100 ni mita 2,000.

Kimo hupimwa kwa chupa nyeupe iliyojazwa maji nusu. Mpimaji husimama chini ya mlima, huilaza chupa mbele ya jicho, na hutazama kwa kufuata uso wa maji mpaka mahali macho yanapougusa mlima. Huenda pale, husimama, hutazama tena. Kila mtazamo ni sawa na kimo cha jicho lake. Ikiwa jicho liko mita 1.5 kutoka ardhini, mitazamo 40 ni mita 60 za kupanda.

Sasa darasa liulizwe: njia ya mita 2,000 yenye mpando wa mita 60 ni sawa na mbio za tambarare za urefu gani? William Naismith wa Scotland alitoa mwaka 1892 kanuni kwa watembea milimani, ambayo kwa hesabu ya mita ni kwamba kila mita 1 ya kupanda huchosha kama mita 8 za tambarare. Basi 60 mara 8 ni 480; njia yetu ni sawa na mita 2,480. Kwa wakimbiaji hayo ni makadirio tu, lakini yanatosha kumzuia mwalimu asiongeze mlima wa pili kwa kudhani kuwa kilometa ni kilometa popote.

5. Kijito, Msitu na Shamba

Kijito. Maji yanayopita magoti ya mwanafunzi mfupi kuliko wote yasivukwe. Wakati wa masika, yaani tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, mvua huweza kunyesha milimani huku shuleni kukiwa kukavu, na kijito kikajaa bila kutazamiwa. Kwenye kivuko mashindano yasimame: kila mtoto atembee, na mtu mzima awe pale. Karibu na ziwa, midomo ya mito iepukwe kabisa kwa sababu ya mamba, na maji yaliyotuama yaepukwe kwa sababu ya kichocho.

Msitu. Katika miombo na katika miti iliyopandwa, njia hugawanyika mara nyingi. Kila njia panda iwekwe alama ya majivu au kitambaa, upande uleule sikuzote. Wanafunzi wakimbie wawili wawili. Mwenzio akikaa nawe hukai peke yako msituni. Mwanafunzi mkubwa mwenye filimbi awe wa mwisho. Kwenye kigeuzio kila mtoto apewe kijiti, na vijiti vihesabiwe mwishoni. Idadi ikipungua hata kwa kimoja, darasa halivunjwi.

Shamba. Wamatengo hulima kwa ngolo: majani hulazwa ubavuni mwa mlima kwa mistari inayokatana, udongo hufukuliwa katikati na kuyafunika, na shimo linalobaki huyazuia maji ya mvua. Mashimo hayo hutegemeana. Watoto 40 wakikanyaga tuta moja hata likabomoka, maji ya shimo la juu humwagikia la chini, na udongo huanza kuteremka. Kwa hiyo mbio zisipite juu ya ngolo hata kama mazao yameshavunwa. Vilevile mwalimu aifuate kalenda ya kijiji: mwezi wa Machi watu huchimba ngolo na kupanda maharage, na kiangazi huvuna kahawa. Mtoto aliyeshinda mibunini apewe njia fupi.

6. Hatua za Somo (vipindi viwili vya dakika 40)

Hatua ya kwanza, dakika 15: wanafunzi waichore ramani ya njia ardhini, wakionyesha mpando, kivuko na njia panda. Mwalimu aulize maswali, asihubiri.

Hatua ya pili, dakika 10: kuupasha mwili joto, na kuhesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15, kisha kuzidisha kwa 4.

Hatua ya tatu, dakika 30: kukimbia. Wapandapo wafupishe hatua na kuinama kidogo. Wateremkapo walegeze magoti, wasijitupe nyuma. Asiyeweza kuzungumza maneno machache na mwenzake anakimbia kupita kiasi.

Hatua ya nne, dakika 25: kuhesabu vijiti, kutembea polepole, kunywa maji, kupima mapigo tena, na kila mwanafunzi kuandika muda wake daftarini.

Muda huo ulinganishwe na muda wake wa juma lililopita, si na wa jirani yake. Wasichana na wavulana watumie njia ileile, na wote wapewe nafasi ya kuongoza.

7. Mbio si Adhabu

Lipo jambo moja linaloweza kubomoa yote yaliyosemwa. Mwalimu akimkimbiza mlimani mtoto aliyechelewa Jumatatu, hawezi Jumatano kumwambia kwamba mlima uleule ni mchezo. Mtoto hujifunza kuuchukia mlima, na hali huko ndiko atakakoishi.

Aulizwaye kuhusu wa mwisho awakumbushe wanafunzi habari za John Stephen Akhwari, aliyeumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaendelea mpaka mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Aulizwaye kuhusu wa kwanza awape mfano wa Alphonce Simbu, aliyeshinda marathoni ya Mashindano ya Dunia huko Tokyo mwaka 2025 kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kukimbia kilometa 42. Yeye hakuzimaliza nguvu zake mwanzoni. Mifano hiyo miwili yafaa isimuliwe pamoja, maana yote ni ya kujua kiasi cha nguvu ulizo nazo na kuzitumia mpaka mwisho.

Mazoezi kwa Wanachuo

1. Chagua njia ya mita 1,500 karibu na chuo chako. Ipime urefu na kimo, kisha kokotoa urefu wake wa tambarare kwa kanuni iliyotolewa.

2. Taja watu watatu ambao ungeomba idhini yao kabla ya kuitumia njia hiyo, na ueleze sababu.

3. Vijiti vimerudi 39 badala ya 40. Andika, kwa mfuatano, mambo utakayoyafanya katika dakika kumi za kwanza.

4. Jadilini: shule ya mlimani na shule ya ziwani zinataka kushindana. Ni njia ya namna gani itakayokuwa ya haki kwa zote mbili?