Pete za Sukari: Kutoka Ghala la Matunda hadi Chumba cha Upasuaji

Siklodekstrini ni molekuli za sukari zenye umbo la pete, zitokanazo na wanga. Zile za kawaida huundwa kwa glukosi 6, 7 au 8. Upande wa nje hupatana na maji. Tundu la ndani hupokea vitu visivyopatana nayo.

Katika kilimo, pete ya glukosi 6 huhifadhi methilisaiklopropeni, gesi inayochelewesha kuiva kwa matunda. Unga wake ukitiwa maji, gesi hutoka.

Hospitalini hutumika sugamadeksi, dawa iliyoundwa kutokana na pete ya glukosi 8. Uchunguzi wa fuwele kwa eksirei umeonyesha jinsi inavyoifumbata rokuroniamu, dawa inayolegeza misuli wakati wa upasuaji. Rokuroniamu ikishanaswa, misuli hurejewa na nguvu.

Hata hivyo, homoni za projestojeni zilizomo katika dawa za uzazi wa mpango zina kiini kinachofanana na cha rokuroniamu, nazo huweza kunaswa. Kwa hiyo mwanamke atumiaye dawa hizo, akipewa sugamadeksi, aelezwe kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani kwamba atumie pia kinga isiyo ya homoni, kama kondomu, kwa siku 7.