Kisu cha Mchoraji na Wingu Jeusi

Somo letu la mwezi huu linamhusu mwana mmoja wa Kanisa la Anglikana aliyeishi Uingereza zamani, pamoja na chombo kidogo alichokitumia katika kazi yake. Mtu huyo ni John Constable, mchoraji, aliyezaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt, Suffolk, mtoto wa msagaji nafaka. Chombo chenyewe ni kisu. Tumemchagua kwa sababu ya swali tunalolisikia mara kwa mara misibani: je, Mkristo aliyefiwa akiionyesha huzuni yake waziwazi, amepungukiwa na imani?

Kwanza tukielewe kisu hicho. Si kisu cha kukatia. Bapa lake ni jembamba, halina makali, nalo hupindika ukilibonyeza kwa kidole. Kazi yake ya kawaida ni kuchanganya rangi za mafuta juu ya ubao, na kukwangua zilizobaki. Rangi hizo ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya kitani hadi ukawa mzito kama siagi. Wakati wa Constable hapakuwa na tyubu za bati, maana zilibuniwa mwaka 1841, naye alikufa mwaka 1837. Rangi iliuzwa ndani ya vibofu vya nguruwe. Mchoraji alitoboa tundu, akakamua kiasi alichohitaji, kisha akaliziba kwa msumari mdogo.

Mchoraji akiweka brashi chini na kupaka picha kwa kisu, anafanana na fundi mwashi anayepiga lipu kwa mwiko. Brashi huweza kwenda na kurudi, ikalainisha hapa na kuunganisha pale. Kisu huiweka rangi na kuiacha. Ukirudia mahali palepale mara mbili tatu, rangi ya juu hujichanganya na ile mbichi iliyo chini yake, na zote mbili hugeuka tope. Basi ni lazima uamue kabla mkono haujashuka. Ukikosea, unakwangua, lakini kukwangua hakufuti kabisa, maana katika nyuzi za kitambaa hubaki kivuli chembamba cha rangi ya kwanza, na pengine kivuli hicho huwa kizuri kuliko kile ulichokusudia. Ukingo wa bapa hutoa mstari mwembamba, kama mwanga juu ya maji. Ncha yake hutoa kidoa. Na picha ikiwa ndogo, ya shubiri moja au mbili, ng'ombe mzima ni mguso mmoja tu wa kisu. Hapana nafasi ya kuchora pembe na kwato. Watu wengi hudhani picha ndogo ni rahisi kuliko kubwa. Sisi hatukubali. Katika picha kubwa kosa huweza kujificha pembeni, lakini katika ndogo hakuna pembeni.

Constable alizoea picha ndogo tangu ujana wake. Alipokwenda mashambani alichukua sanduku lake la rangi, akaketi, akaliweka magotini, akabana karatasi ndani ya kifuniko chake, na hapo ndipo alipochorea. Mke wake Maria alikuwa dhaifu kifuani, na kwa ajili yake walihamia Hampstead, juu ya kilima, mbali na moshi wa London. Huko, mwaka 1821 na 1822, alichora makumi ya picha ndogo za mawingu. Nyuma ya nyingi kati ya hizo aliandika tarehe, saa, na upepo ulikotoka. Hizo alizichora upesi kwa brashi, maana wingu halimngoji mtu.

Sasa tufike kwa Askofu. Askofu wa Salisbury wakati huo, John Fisher, alimwagiza Constable picha ya Kanisa Kuu lake. Ilipomalizika mwaka 1823, Askofu hakulipenda wingu jeusi lililokuwa juu ya mnara. Alitaka anga safi. Hatumcheki Askofu huyo; wengi wetu tungeomba vivyo hivyo, kwa kuwa tunapenda kanisa letu lionekane katika jua. Baadaye Constable alichora nyingine yenye anga angavu zaidi, lakini Askofu alikufa mwaka 1825 kabla haijamalizika.

Novemba 1828 Maria alikufa kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 40. Aliacha watoto saba; mkubwa alikuwa na miaka kumi, na mdogo hajatimiza mwaka. Miezi michache baadaye, Februari 1829, Constable akachaguliwa kuwa mwanachama kamili wa Royal Academy, heshima aliyoingoja kwa miaka mingi. Yule ambaye angefurahi pamoja naye hakuwapo tena.

Katika miaka hiyo ya mwisho kisu kilizidi kushika nafasi ya brashi. Alikuwa amekwisha kukitumia kabla ya msiba, wala hatusemi kwamba msiba ndio uliomfundisha. Lakini mtu akizitazama zile picha ndogo za mto Stour, mto wa utoto wake, alizozichora baada ya mwaka 1829, ataona tofauti. Miti ni mabonge ya rangi nyeusi na kahawia yaliyoburutwa. Maji ni mikwaruzo. Juu ya vyote kuna vidoa vyeupe vilivyopigwa kwa ncha ya kisu, kama umande unaong'aa. Watu walivicheka vidoa hivyo, wakaviita theluji ya Constable. Yeye hakuacha.

Hapa ndipo somo letu linapofika nyumbani. Tumekwisha kusikia mjane akiambiwa siku ya pili baada ya maziko, "Nyamaza, mama, wewe ni mtu wa sala." Maneno hayo husemwa kwa upendo, lakini yanamtaka apake anga safi mahali penye wingu. Tuifungue Zaburi ya 88, tuisome yote kwa taratibu. Zaburi nyingi za kilio hugeuka kuelekea tumaini kabla ya kwisha; hii haigeuki, inaishia gizani. Hata hivyo Kanisa halikuiondoa wala halikuiongezea mstari wa furaha mwishoni. Aliyeiomba alikuwa bado anazungumza na Mungu. Ndivyo tunavyoiona ile rangi nzito ya Constable, ingawa wengine wataona tumekwenda mbali.

Tumaini nalo lilikuwapo. Rafiki yake mkubwa alikuwa kasisi, ambaye pia aliitwa John Fisher, mpwa wa yule Askofu, na ndiye aliyewafungisha ndoa mwaka 1816. Kasisi huyu hakumwambia anyamaze. Alimkaribisha Salisbury na kumhimiza alichore tena Kanisa Kuu, safari hii akiwa ng'ambo ya malisho. Constable alianza kwa michoro na picha ndogo za mafuta, kisha mwaka 1831 akaonyesha ile kubwa. Mawingu meusi yamo tena, mengi kuliko yale yaliyomchukiza Askofu, na radi pia imo. Juu yake kuna upinde wa mvua, na mwisho wake unagusa mahali ilipokuwa nyumba ya Fisher. Tazama kwamba upinde haukuyafukuza mawingu. Katika Mwanzo sura ya 9 pia upinde umewekwa mawinguni.

Ile picha kubwa ilipelekwa mbele ya watu. Zile ndogo nyingi hazikuuzwa. Zilibaki nyumbani, watoto wakakua nazo, na mwaka 1888 binti yake Isabel alitoa mamia ya picha na michoro ya baba yake kwa jumba la makumbusho la London linaloitwa leo Victoria and Albert. Huko watu huzisogelea kwa karibu na kuona mahali kisu kilipopita.