Mwongozo kwa Watumishi wa Magereza: Kumhudumia Mfungwa Mwenye Uraibu wa Heroini

Uraibu ni ugonjwa unaotibika. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka mfungwa atibiwe kwa kiwango kile kile anachotibiwa raia, na tiba ya uraibu isikatike. Tanzania imekuwa ikitoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, tangu mwaka 2011, ilipoanzia Hospitali ya Taifa Muhimbili. Kazi yetu ni kuhakikisha tiba hiyo haikomei kwenye lango la gereza.

1. Mapokezi
Muulize faraghani anatumia nini, alitumia mara ya mwisho lini, na kama anahudhuria kliniki ya methadoni. Majibu yabaki kwenye faili lake la matibabu. Kliniki yake ipigiwe simu siku hiyo hiyo ili kuthibitisha dozi. Aliyekosa dawa siku tatu mfululizo asirudishiwe dozi ya zamani kabla daktari hajampima upya, kwani inaweza kumuua.

2. Siku za alosto
Alosto, yaani hali inayompata mraibu anapokosa heroini, huanza ndani ya nusu siku na hukolea siku ya pili na ya tatu: miayo, kamasi, maumivu ya mwili, kutapika, kuharisha. Usidhani anaigiza. Mpe maji ya ORS, na asifungiwe peke yake bila uangalizi, kwa maana kuishiwa maji mwilini huua. Mraibu wa pombe aliyeikosa akitetemeka au kupata degedege, apelekwe hospitali mara moja.

3. Dozi ya kila siku
Anywe methadoni mbele ya muuguzi, kisha azungumze ili ionekane amemeza. Apimwe VVU, homa ya ini na kifua kikuu. Daktari ajulishwe kabla ya kuanza rifampisini, dawa ya kifua kikuu, kwa kuwa hupunguza nguvu ya methadoni. Dozi isikatwe kamwe kama adhabu.

4. Kutoka
Wiki mbili za kwanza uraiani ndizo za hatari zaidi: mwili hauhimili tena kiasi cha heroini ulichokizoea, na pumzi inaweza kukata. Mwandikie barua ya rufaa yenye dozi na tarehe ya mwisho ya kunywa, na kliniki ijulishwe mapema. Mahabusu anaweza kuachiwa mahakamani, hivyo anywe dozi kabla ya kuondoka na barua aende nayo.

Mkuu wa gereza, mteue leo mtumishi mmoja wa kusimamia barua hizo. Zinaokoa maisha.