Kuizunguka Tanzania kwa Basi, Treni na Boti: Panga kwa Kufuata Mvua

Wengi wanaotaka kuizunguka nchi hii huanza kwa kuorodhesha sehemu: Ngorongoro, Kigoma, Kitulo, Zanzibar. Orodha ikikamilika ndipo wanaomba likizo, na likizo inaangukia mwezi wowote. Safari huharibikia hapo, kwa sababu Tanzania haina mvua ya aina moja. Pwani na kaskazini kuna masika ya Machi hadi Mei, kisha vuli ya mwisho wa mwaka. Kusini na magharibi, kuanzia Songea na Mbeya hadi Katavi na Kigoma, mvua ni moja ndefu, huanza Novemba na kuachia Aprili au mapema Mei. Anayeondoka Januari kwa kuwa Arusha hakunyeshi, atakuta njia za vijijini za Rukwa ni tope tupu.

Kipindi kinachokubali nchi nzima ni Juni hadi Oktoba. Ndani ya hicho, ushauri wangu ni uondoke Dar es Salaam katikati ya Agosti na umalizie baharini Oktoba. Anza nyanda za juu kusini, panda magharibi kwa Sumbawanga, Mpanda na Kigoma, pita Tabora hadi Mwanza, katiza Serengeti hadi Arusha, shuka Usambara, kisha Tanga na visiwani. Mzunguko huu una sababu zake. Kusi huvuma kwa nguvu Juni hadi Agosti na bahari huchafuka. Ifikapo Oktoba imelegea na kaskazi bado haijaanza. Septemba nyumbu wengi bado wako upande wa mto Mara. Nako kando ya Ziwa Victoria utakuwa umeshaondoka kabla vuli haijakolea.

Kuna utakachokosa. Maua ya Kitulo, juu kule Makete kwenye mita 2,600 hivi, huchanua wakati wa mvua, Desemba hadi Aprili. Agosti utakuta nyasi na baridi kali. Kama maua ndiyo yanayokutoa nyumbani, yafungie safari yake peke yake. Usiipindishe njia nzima kwa ajili ya kituo kimoja.

Kalenda ya watu nayo ina uzito sawa na ya mvua. Wiki ya Nane Nane vyumba Mbeya huwa vya kugombania kwa sababu ya maonyesho ya wakulima. Dodoma hujaa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni. Na katikati ya Desemba usijaribu kwenda Moshi bila tiketi uliyokata mapema. Wachaga wanarudi nyumbani, na hakuna basi linalotosha.

Ukishajua miezi, usikimbilie kupanga mabasi. Mabasi yapo kila siku. Andika kwanza kwenye daftari vyombo visivyoondoka kila siku: treni ya TAZARA, treni ya reli ya kati ya kwenda na kutoka Kigoma, meli za maziwa, kivuko cha Mafia. Hivyo ndivyo vinavyobeba tarehe zako. TAZARA, reli ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, inapita katikati ya Hifadhi ya Nyerere na bonde la Kilombero, sehemu ambazo barabara kuu ya Mbeya haizifikii. Inastahili kusubiriwa, lakini iulize stesheni kwanza: ratiba hubadilika, na kuchelewa kwa saa nyingi ni kawaida. MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 na kuibuliwa 1924, imekaa kwenye matengenezo kwa miaka. Usijenge safari juu yake mpaka upate jibu la bandari ya Kigoma.

Kisha, katika kila siku tano, acha moja tupu. Hii ndiyo kanuni ninayoitetea kuliko zote. Siku hiyo haina mji wala mpango. Treni ikichelewa, inameza hasara. Isipochelewa, unafua nguo na kulala. Mtu aliyejaza kila siku hujikuta akilipa gari la kukodi ili kuiwahi ratiba aliyojitungia mwenyewe. Pesa nyingi za safari hupotelea hapo, na kwenye kilomita 20 za mwisho. Nauli za mabasi makubwa hupangwa na LATRA na unaweza kuzijumlisha ukiwa nyumbani. Lakini kutoka Sumbawanga hadi maporomoko ya Kalambo utafika Matai kwa gari la abiria, halafu kwenda Kapozwa ni kutafuta bodaboda, na bei yake ni maelewano. Patana kwenda na kurudi kabla hujapanda. Ukipatana kwenda tu, jioni dereva ndiye anayeshika bei.

Mizigo: begi moja la mgongoni, na kimfuko cha mkononi. Jaketi lisiende kwenye buti. Basi la Mbeya linapita Ruaha Mbuyuni, chini kwenye mibuyu na joto la kuvua shati. Baada ya hapo linapanda Kitonga taratibu nyuma ya malori, na muda si mrefu uko Iringa, kisha Mafinga, ambako Agosti abiria wanajifunika vitenge na madirisha yote yamefungwa. Jaketi likiwa kwenye buti, limekaliwa na magunia, na konda hatafungua mpaka mwisho wa safari. Weka na soksi. Kwa siti, Agosti jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukielekea Mbeya kaa kushoto, upande wa mlango, uwaachie wengine kuungua. Na tiketi ikiandikwa 06:00, tamka kwa sauti mbele ya mkatishaji: "Saa 12 asubuhi?" Kuna waliofika stendi saa 6 mchana na kukuta basi lilishaondoka. Kata tiketi dirishani kwenye ofisi ya basi, si kwa mpiga debe aliyekupokea getini.

Kwa Katavi, acha nguo za bluu na nyeusi, maana mbung'o huzifuata. Wakati wa kiangazi viboko hujazana kwenye vidimbwi vya mto Katuma, na pale Sitalike unaweza kuwaona ukiwa kijijini. Kwa Gombe, alikoanzia Jane Goodall utafiti wake mwaka 1960, boti za abiria huondoka Kibirizi mchana na kurudi mapema asubuhi. Tenga usiku mbili ili upate siku nzima ya kuwafuata sokwe. Beba kitambulisho chako cha taifa kila mahali. Gesti watakiandika kwenye kitabu, na kwenye mageti ya hifadhi ndicho kinachokupa kiingilio cha shilingi, ambacho ni kidogo sana kukilinganisha na cha mgeni. Hata mabasi ya Musoma hadi Arusha yanayokatiza Serengeti yanakudai kiingilio, kwa hiyo kihesabu kwenye nauli.

Laini za simu ziwe mbili, za mitandao tofauti, zote zikiwa na pesa. Wakala wa kijijini anaweza kuishiwa fedha taslimu siku ya gulio, kwa hiyo toa mjini kabla ya kuingia vijijini.

Maziwa yanavutia, lakini usiingie majini kabla ya kuuliza. Ziwa Victoria lina kichocho, hasa kwenye fukwe zenye majani na maji yaliyotulia. Kwenye midomo ya mito, Tanganyika na Nyasa kadhalika, ulizia habari za mamba, na uwaulize wavuvi badala ya mhudumu wa hoteli. Ukipata homa ukiwa njiani au hata wiki kadhaa baada ya kurudi, pima malaria siku hiyo hiyo. Usimeze dawa kwa kubahatisha eti ni uchovu wa basi.

Asiye na muda huo wote asiubane mzunguko, aukate. Wiki tatu zinatosha kwa treni ya SGR hadi Dodoma, michoro ya miambani ya Kolo huko Kondoa, Babati, Arusha, Lushoto na Tanga, lami karibu yote.

Mwenye muda amalizie Mafia. Panda gari Mbagala Rangi Tatu hadi Nyamisati, ukiwa umeshapiga simu siku moja kabla kuulizia saa ya kivuko. Papa potwe huanza kuonekana karibu na Kilindoni mwezi Oktoba na hukaa hadi Februari au Machi. Chagua nahodha anayezima mashine mbali na samaki na kuwaingiza watu majini wachache wachache; muulize hilo ufukweni, kabla hujalipa.