Istilahi za Biokemia na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili: Mfano wa Mbolea, Dawa za Miti na Maji Taka

Utangulizi

Kwa muda mrefu imekuwa desturi yetu, wanafunzi wa Kiswahili, kudai kwamba lugha hii inaweza kubeba sayansi. Tumelisema jambo hili makongamanoni na kuliandika katika majarida. Ni nadra, hata hivyo, sisi wa fasihi kuketi na wenzetu wa maabara tukaujaribu ukweli wa dai letu. Makala haya yananuia kufanya hivyo kwa kuchunguza maeneo matatu ya utafiti wa biokemia: mbolea zitokanazo na viumbe hai, mimea ya dawa, na usafishaji wa maji taka ya viwandani. Hoja yetu ni kwamba istilahi ni sitiari, na sitiari mbaya huweza kumtia mtumiaji hasara.

Hoja hii niliifikia kwa kukosea. Mwaka jana, rafiki yangu anayesomea biokemia aliniomba nimtafsirie karatasi ya maelezo kwa wakulima wa maharagwe. Kilichoelezwa humo kilikuwa unga mweusi wenye bakteria, ambao hupakwa mbegu kabla ya kupandwa. Niliuita "mbolea ya kibayolojia" na kazi ikaisha jioni moja. Shangazi yangu alikuwa miongoni mwa waliopewa unga huo. Aliposoma neno "mbolea", alifanya afanyavyo kila msimu: aliuchanganya na DAP katika karai, akauacha juani huku akichimba mashimo. Onyo la kutochanganya lilikuwemo katika mstari wa tisa, lakini kichwa kilikuwa kimekwisha kusema. Maharagwe yalipoanza kutoa maua tuling'oa miche kadhaa. Vinundu vya mizizi vilikuwa vichache, na ndani vilikuwa vyeupe. "Mwanangu," akaniuliza, "si mliandika kwamba ni mbolea?" Sikuwa na jibu.

1. Mbolea au hamira?

Ili kuelewa kosa hilo, hatuna budi kuangalia kinachotendeka mizizini. Takribani asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, kirutubishi ambacho kila mmea unakihitaji ili kujenga protini. Hata hivyo, mmea hauwezi kuitumia naitrojeni ya hewani moja kwa moja, kwa kuwa atomu zake mbili zimeshikamana kwa kifungo cha utatu kilicho kigumu mno kuvunja. Viwanda vya mbolea hukivunja kwa joto kali na shinikizo kubwa, kwa mbinu iliyoanzishwa na Fritz Haber na Carl Bosch mwanzoni mwa karne ya 20. Bakteria wa jamii ya Rhizobium huifanya kazi hiyo hiyo katika joto la kawaida la udongo, ndani ya vinundu vya mizizi ya mikunde. Wajerumani Hellriegel na Wilfarth waliuthibitisha uhusiano huu katika miaka ya 1880, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akafaulu kuwatenga bakteria wenyewe.

Kimeng'enya kinachohusika huitwa naitrojenasi. Udhaifu wake ni kwamba oksijeni hukiharibu. Kwa sababu hiyo, mmea hutengeneza protini nyekundu, inayofanana na ile ya damu yetu, ili kuidhibiti oksijeni ndani ya kinundu. Ndiyo maana kinundu kinachofanya kazi huwa na rangi ya waridi kikipasuliwa, na kile cheupe huwa hakifanyi kazi. Mkulima yeyote anaweza kujipimia haya kwa ukucha wake, bila maabara.

Hapa Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi katika mradi wa MIRCEN walitengeneza bidhaa ya aina hii iitwayo Biofix. Bidhaa kama hizi zina masharti yake. Mbegu hupakwa kivulini na kupandwa upesi katika udongo wenye unyevu. Bakteria hawafai kugusana na mbolea ya chumvichumvi. Aidha, bakteria wa soya si lazima wafae maharagwe. Kwa ufupi, tunashughulika na kitu chenye uhai, ilhali neno "mbolea" humfanya msomaji afikirie chakula cha mmea: kitu kisichokufa, ambacho kikizidi ndipo mavuno yazidipo.

Je, lugha yetu haina neno lililo bora? Jikoni tuna hamira. Kila mpishi wa mahamri anajua kwamba hamira ni hai, kwamba maji ya moto huiua, na kwamba kiasi kidogo hutosha kwa donge zima. Tukisema "hamira ya mikunde", mkulima ameshapewa nusu ya maelezo kabla ya kufika mstari wa pili. Ninakiri kwamba sitiari hii nayo ina mipaka. Hamira huumua unga wowote, ilhali bakteria hawa huchagua mwenyeji wao. Hata hivyo, kasoro hiyo yaweza kuelezwa kwa sentensi moja, nayo haimtumi mtu kuuanika unga juani.

2. Dawa za miti: nafasi ya kitenzi

Eneo la pili ni mimea ya dawa. Waswahili waliuita mti mmoja mwarobaini kwa imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Mwanafasihi hutambua papo hapo kwamba hiyo ni chuku. Mwanabiokemia naye haulizi mti unatibu mangapi, bali ni kemikali gani iliyomo, katika sehemu gani ya mti, na kwa kipimo gani isigeuke sumu.

Mfano wa Tu Youyou wa Uchina unatufaa sana. Yeye na wenzake walikuwa wakitafuta dawa ya malaria, na mmea wa Artemisia annua ukawapa matokeo yasiyotabirika. Alirejelea maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akagundua kwamba humo majani yalilowekwa katika maji kisha kukamuliwa. Hayakuchemshwa. Akashuku kwamba joto ndilo liliharibu dawa. Mwaka 1971 akatumia etha, ambayo huchemka katika joto la chini, na jaribio likafaulu. Dawa hiyo, atemisinini, ndiyo iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Tunajifunza nini? Kwamba ugunduzi huo ulitegemea usomaji makini wa kitenzi. Sisi tunaokwenda nyanjani kukusanya fasihi simulizi huandika jina la mti na maradhi yake, kisha tukafunga daftari. Ilhali kuchemsha, kuloweka, kuponda, kukamua na kufukiza ni njia tano zilizo tofauti kikemia. Mzee anaposema "loweka", nasi tukaandika "tayarisha", tumeipoteza elimu yenyewe.

3. Maji taka na maana ya kusafisha

Eneo la tatu ni maji ya viwandani. Kipimo kimoja muhimu hutazama kiasi cha oksijeni ambacho bakteria hutumia kuozesha uchafu uliomo. Sampuli huwekwa gizani kwa siku 5 katika joto la nyuzi 20, kisha hupimwa oksijeni iliyopungua. Kanuni za Ubora wa Maji za Kenya za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha miligramu 30 kwa lita kwa maji yanayomwagwa katika mazingira. Kikizidi sana, bakteria wa mtoni huimaliza oksijeni na samaki hukosa pumzi.

Bakteria hao hao, wakiwekwa katika mabwawa maalumu, huula uchafu wa kichinjio au wa kiwanda cha sukari kabla haujafika mtoni. Lakini kromiamu itokayo katika viwanda vya ngozi ni elementi. Hakuna kiumbe awezaye kuimeng'enya ikatoweka. Huweza tu kugeuzwa umbo, kunaswa au kuhamishwa. Neno "kusafisha" huficha tofauti hii. Mwanakijiji akiambiwa maji "yamesafishwa", na macho yake yanaona maji meupe, atayanywesha mifugo. Inafaa basi tuseme uchafu gani umeondolewa, na umepelekwa wapi.

Hitimisho

Wahenga walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Katika sayansi, asiyejua ndiye hasa anayestahili kuambiwa, tena kwa neno lisilompoteza. Kazi ya kuunda istilahi imefanywa na wataalamu waliotutangulia, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 ni ushahidi. Lililobaki kwetu ni kuzijaribu istilahi hizo mbele ya watumiaji. Napendekeza kila tafsiri ya aina hii isomwe kwanza na mkulima mmoja, naye aeleze atafanya nini, kabla haijachapishwa.

Msimu uliofuata niliiandika upya karatasi ile na kumpelekea shangazi. Aliisoma kichwa, akaenda kutafuta kivuli.