Dondoo Muhimu: Kuitunza Bustani ya Mji

Bustani ya Forodhani, iliyo mbele ya Ngome Kongwe mjini Unguja, ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati uliogharimiwa na Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni. Lakini bustani haidumu kwa ukarabati wa mara moja, na kwa sababu hiyo atakaye kuisaidia, hiyo au iliyo mtaani kwake, na azingatie haya.

Kabla ya kutoa fedha, muulize mtunza bustani kilichompungukia, kwani mara nyingi atakutajia mpira wa kumwagilia, au reki, wala si benchi la marumaru lenye jina la mfadhili.

Ukipanda mti, hesabu pia maji yake ya kaskazi mbili. Mche wa mkungu uliopandwa kwa hotuba na picha, kisha ukasahauliwa, hunyauka kabla masika hayajaingia, na ni afadhali nusu ya fedha za upandaji huo ingalilipwa kwa mtia maji.

Michango ya wengi akabidhiwe mtu mwaminifu, na hesabu zibandikwe hadharani. Mwenye kutamani sadaka ya kudumu, na ana nyumba au duka, aende akaiulize Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana namna ya kuiweka wakfu kwa ajili ya bustani.

Asiye na fedha ana mikono: alfajiri pale Forodhani, wachoma mishikaki wa usiku wakisha kuondoka, vijiti vyenye ncha husalia majanini, na watoto huja kucheza pekupeku. Njoo na gunia lako.