Damu Iliyovilia na Viungo Vinavyouma: Mwongozo kwa Wafanyakazi Wafanyao Mazoezi Nakuru

Mwongozo huu ni wa mtu anayefanya kazi Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro au Molo, ambaye hupanda Menengai Jumamosi, hukimbia alfajiri kabla ya zamu au huinua vyuma jioni, kisha akaanza kuona damu imevilia pajani bila kukumbuka alipojigonga, huku goti au kifundo cha mguu kikimuuma. Wengi hulaumu mazoezi, na mara nyingi hawakosei. Magoti huchukia kuongezewa kilomita kwa pupa, na aliyejigonga kwenye benchi la vyuma husahau kabla hajafika nyumbani. Ila mazoezi hueleza maumivu kwa urahisi kuliko yanavyoeleza alama. Alama zikizidi, anza kwa kujiuliza umekuwa ukimeza nini.

Mambo huenda hivi. Goti linauma, lakini kliniki haina nafasi kwa sababu zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Mtu anapitia duka la dawa, anauziwa diklofenaki au ibuprofeni bila kuulizwa mengi, maumivu yanatulia, naye anaendelea kukimbia. Baada ya wiki chache anaona mavilio. Dawa za aina hii, pamoja na aspirini, hupunguza nguvu ya chembe sahani, yaani zile chembe za damu zinazoziba mshipa mdogo unapopasuka. Ibuprofeni ikiachwa, athari hiyo huisha kwa muda wa siku moja hivi. Aspirini ni nyingine: chembe sahani ikishaguswa nayo haipati nafuu mpaka ife, na chembe hizo huishi takriban siku 7 hadi 10. Kidonge cha Jumatatu bado kina neno Jumapili. Hata hivyo, aspirini uliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Kibaya zaidi ni ile “dawa ya mifupa” inayouzwa kwa pakiti isiyo na jina. Baadhi ya dawa za namna hiyo hufichwa steroidi ndani yake. Maumivu yakikatika kama kwa miujiza, uso ukajaa, hamu ya chakula ikapanda na ngozi ikawa inavilia damu kwa kuguswa tu, ishuku pakiti hiyo. Kama umeitumia kwa wiki kadhaa usiikatize ghafla. Mwili huenda umeacha kutengeneza homoni yake, na kuacha kwa mkupuo kunaweza kukuangusha. Ibebe uende nayo kwa daktari. Wanaoshindana wana tahadhari ya ziada: tangu tarehe 1 Januari 2022, sindano zote za steroidi za kupunguza uvimbe, hata ile ya ndani ya goti, zimepigwa marufuku wakati wa mashindano. Uliza Shirika la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli (ADAK) kabla hujachomwa, wala si baada ya kupimwa.

Ngozi nyeusi huficha mavilio. Jitazame mchana kwenye mwanga wa jua, linganisha mguu na mguu, kisha papasa: je, pana joto, ugumu, uvimbe? Vidoa vidogo kama ncha ya pini visivyofifia ukivibonyeza vitafute ndani ya mdomo wa chini, kwenye kaakaa, viganjani na nyayoni. Alama kwenye muundi wa mchezaji wa raga hazishangazi. Za mgongoni, tumboni au masikioni zinahitaji maelezo. Daktari akikuuliza kama kuna mtu anayekupiga, hajakutukana. Ni sehemu ya kazi yake. Kama jibu ni ndiyo, namba ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, 1195, hupigwa bila malipo.

Uliza pia nyumbani. Je, ulipotahiriwa ulitoka damu siku nyingi kuliko wenzako wa rika? Uling'olewa jino damu ikakataa kukoma? Mama au dada zako hupata hedhi nzito mno? Majibu hayo huelekeza kwenye magonjwa ya kurithi ya damu kutoganda vizuri, kama hemofilia, ambayo humwaga damu ndani ya goti lenyewe, likavimba na kuuma hata baada ya mbio fupi. Mtu wa aina hiyo aseme kabla ya kuchomwa sindano yoyote ya msuli.

Bonde letu lina visababishi vyake pia. Anayekunywa maziwa mabichi, au aliyesaidia ng'ombe kuzaa, akipata maumivu ya viungo pamoja na homa inayokwenda na kurudi na jasho la usiku, apimwe brusela. Kisha kuna maji. Visima vingi vya huku vina floridi nyingi, na ushahidi uko kwenye meno ya kahawia ya watu waliokulia hapa. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji yaliyozidi sana kiwango hicho, yakinywewa kwa miaka mingi, hukakamaza mgongo na viungo, na afanyaye mazoezi hunywa maji mengi kuliko jirani yake. Kuyachemsha hakuondoi floridi. Maji hupungua, floridi hubaki. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ni salama zaidi kwa hilo, na vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo Dayosisi Katoliki ya Nakuru ilivitengeneza kwa miaka, hupunguza madini hayo. Floridi haivilishi damu, basi usiisingizie alama.

Usingoje Jumatatu ukiona vile vidoa vya pini, damu puani au kwenye fizi isiyokoma, choo cheusi, kiungo kimoja kilichovimba na kuwaka pamoja na homa, au mkojo mweusi kama strungi baada ya mazoezi makali. Vinginevyo, alama zinazozuka upya kwa wiki mbili zinatosha kukupeleka kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Omba hemogramu, yaani kipimo cha chembe za damu, na ikibidi utumwe kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, ile ambayo wenyeji bado huiita PGH. Beba pakiti zote, hata za mitishamba.

Kuhusu kazi: Sheria ya Ajira ya 2007 humpa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara kila mwaka, mradi amjulishe mwajiri mapema na alete cheti cha daktari. Goti lililoumia kwenye kazi yenyewe, tuseme kwa kubeba kreti za maua, liko chini ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007. Msimamizi aambiwe siku hiyohiyo, na iandikwe.